Biti Haijitembezi: Mwongozo wa Kujitangaza na Kujuana na Watu kwa Prodyuza Anayeanza

Chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Nimeisikia methali hii kwa maprodyuza chipukizi wengi, na wanaoisema huwa wamejifungia chumbani na laptop wakiamini kwamba biti, yaani muziki wa ala kabla haujaimbwa, ikiwa kali, msanii ataifuata yenyewe. Kwa muuza maembe ni kweli, maana embe liko barabarani na kila mpita njia analiona. Biti iliyo ndani ya laptop yako haiko barabarani.

Kijana mmoja alinijia studio, hapa Dar es Salaam, na flashi yenye biti 214. Nilizisikiliza kama 20. Besi ilikaa, kiki (ngoma nzito ya chini) ilipiga bila kuifunika sauti, anajua kuacha nafasi ya muimbaji. Nikamuuliza ngapi zimeimbwa. Mbili. Ngapi zimetoka? Hakuna. Tukakaa hadi usiku tukipanga afanye nini, na mengi ya niliyomwambia ndiyo haya ninayoyaandika hapa.

Shika neno moja kabla hatujaanza: prodyuza hutangazwa na wimbo uliotoka. Biti ni malighafi tu, ikishaimbwa, ikamalizwa, ikapigwa mahali na jina lako likiwa juu yake, ndipo msanii wa pili anapouliza "hii kapika nani?" Kila hatua hapa chini inakupeleka kwenye swali hilo.

Hatua ya kwanza: punguza

Usimpelekee mtu biti 214. Hata 20 ni nyingi. Chagua tano, na ziwe na sura moja. Kama wewe mkono wako uko kwenye singeli, basi nne ziwe singeli na moja ionyeshe unaweza kutulia. Msanii anamkumbuka prodyuza kwa kitu kimoja. Akitaka amapiano anamjua fulani, akitaka taarabu ya kisasa anamjua fulani, wewe akumbuke nini?

Kila biti iwe na dakika moja na nusu ya kuonja, si wimbo mzima. Kitu kizuri kije ndani ya sekunde 10 za mwanzo, maana wengi wanasikiliza kwenye spika ya simu wakiwa ndani ya daladala. Ijaribu biti yako hivyo hivyo kabla ya kuituma: spika ya simu, kelele za barabarani, sauti ya nusu. Besi ikipotea kabisa, rudi uiongezee masafa ya juu kidogo ili sikio liitambue hata pale spika isipoweza kuitoa.

Faili uliandike vizuri. "Biti mpya final final 3" haimsaidii mtu. Andika jina lako, jina la biti, kasi (mapigo kwa dakika) na funguo: *Jina – Mvua ya Vuli – 104 – La ndogo*. Msanii akiipenda baada ya miezi mitatu, ataipata kwa kutafuta jina lako kwenye simu.

Hatua ya pili: jina, tegi na namba

Hili ni fupi. Jina moja kila mahali, liandikwe kwa herufi zile zile YouTube, Instagram, TikTok, Audiomack na Boomplay. Namba moja ya simu, ambayo hutaibadilisha, na iwe ndiyo namba ya WhatsApp.

Tegi, yaani ile sauti fupi inayotaja jina lako mwanzo wa wimbo, ni tangazo linalosafiri bila gharama. Prodyuza Magix Enga wa Kenya alijulikana kwa tegi yake kwa watu ambao hawajawahi kuiona sura yake. Iwe fupi, isizidi sekunde tatu, na irekodiwe na sauti nzuri, hata ya dada yako wa nyumbani ikibidi. Iweke mwanzoni mara moja. Ukiirudia kila baada ya ubeti, DJ ataikata, na msanii atachukia.

Hatua ya tatu: tafuta wa kwenu

Hapa ndipo wengi wanapokosea, na ndipo nitakapokaa zaidi.

Kijana anayeanza humtumia ujumbe msanii mwenye wafuasi milioni. Hajibiwi. Anatuma tena. Mwaka unapita. Wakati huo huo, nyumba ya tatu kutoka kwao yupo binti anayeimba kwaya, sauti yake inamtoa mtu machozi, na hajawahi kuingia studio.

Tazama waliotangulia. Nairobi, prodyuza Clemo na rapa Jua Cali walianzisha Calif Records na jina wakalitoa kwenye mtaa wao, California, huko Eastleigh. Sauti yao, mtindo wa rap unaoitwa genge, ilikuwa Kiswahili cha mtaa ule ule. Hawakusubiri staa kutoka nje, walimtengeneza wa kwao, naye akawatengeneza wao. Hapa Dar, singeli ilipikwa uswahilini, kwenye studio ndogo kama ile ya Sisso kule Mburahati, kwa ajili ya vigodoro (sherehe za usiku za mtaani) na ma-MC wa mtaani. Ilikuwa muziki wa kasi ambao redio nyingi mwanzoni hazikuutaka. Mwaka 2017 lebo ya Nyege Nyege Tapes ya Kampala ikatoa mkusanyiko wa kazi za studio ile, na baadaye vijana wale wakasafiri hadi Ulaya kupiga singeli. Lebo ile iliwakuta wakiwa na kundi: maprodyuza, ma-MC na ma-DJ wanaojuana, na nyimbo zilizokwisha. Prodyuza aliyekaa peke yake na flashi asingekutwa.

Kwa hiyo fanya hivi. Chukua daftari, andika majina kumi ya watu unaoweza kuwafikia kwa miguu au kwa daladala moja. Wasanii watano ambao wana wimbo mmoja au miwili, au hawana kabisa ila wanaimba kweli. DJ wawili. MC mmoja wa shughuli. Mpiga gitaa au kinanda mmoja. Mtu mmoja anayepiga video. Hao ndio soko lako la mwaka wa kwanza.

Utawapata wapi? Kwenye kwaya na kaswida, kwa sababu huko ndiko kuna watu wanaojua kuimba kwa tuni bila msaada wa kompyuta. Kwenye mashindano ya shule na vyuo. Kwenye baa zenye bendi siku za wikiendi. Kwenye maonyesho ya wazi kama yanayofanyika Nafasi Art Space, Mikocheni, ambako wachoraji, wacheza ngoma na wanamuziki wanakaa pamoja na ni rahisi kumsogelea mtu. Nenda mapema, kabla muziki haujaanza, watu bado wanafunga nyaya. Msaidie mtu kubeba spika. Nimewajua wapiga vyombo wengi kwa kubeba spika kuliko kwa kutuma ujumbe.

Na ukimkuta mkubwa wa kazi, mwenye studio wa siku nyingi, msalimie kwanza. "Shikamoo mzee" inafungua mlango ambao "oya niaje" inaufunga. Usimpe flashi siku hiyo. Muulize kitu kuhusu kazi yake: kipaza sauti gani anakiamini kwa sauti ya kike, alijifunzaje kupiga masta, yaani kuung'arisha wimbo mara ya mwisho kabla haujatoka. Watu wanapenda kuulizwa wanachokijua. Flashi itakuja siku ya tatu, tena atakuomba yeye.

Hatua ya nne: ujumbe wa kwanza

Ujumbe ninaoupokea karibu kila wiki uko hivi:

*"Mambo bro mm ni producer mkali nina beats kali sana cheki link niunge mkono tufike mbali"*

Sina la kujibu. Hajasema ananitafutia nini, hajaonyesha kwamba ananijua. Sasa linganisha na huu, ambao kijana yule wa biti 214 alimwandikia binti mmoja anayeimba Temeke:

*"Habari dada. Naitwa fulani, natengeneza muziki hapa Mbagala. Jumamosi nilikusikia ukiimba kwenye harusi pale ukumbini, ile sehemu uliyoshusha sauti kwenye kiitikio nimeikumbuka mpaka leo. Nina biti moja ya taratibu ambayo naona inakaa na sauti yako. Ni dakika moja na nusu, nimeiweka hapa chini. Ukiipenda, naomba tukutane siku unayopata nafasi tujaribu ubeti mmoja, bila malipo. Isipokupendeza, nashukuru pia."*

Kuna nini humo? Salamu. Anasema ni nani na yuko wapi. Anataja kitu alichokisikia kwa masikio yake. Anatuma biti moja, si kiungo cha biti zote. Anaomba kitu kidogo kinachoweza kukubalika, na anaacha mlango wa kukataa wazi. Binti alijibu baada ya siku mbili. Tuma kwa WhatsApp faili lenyewe, lisiwe zito, kwa sababu si kila mtu ana bando la kufungua kiungo.

Asipojibu, subiri wiki, umkumbushe mara moja kwa upole. Asipojibu tena, mwache, na ukikutana naye msalimie kama kawaida.

Hatua ya tano: siku ya kurekodi ndiyo tangazo lenyewe

Msanii akitoka studio kwako, atawaeleza wenzake watano. Atawaeleza nini? Hatasema kompresa yako ni nzuri. Atasema alikuja saa nne, ukawa tayari, kulikuwa na maji ya kunywa, hukumcheka alipokosea, na usiku ule ule ulimtumia nakala ya kusikiliza.

Kwa hiyo fungua kila kitu kabla hajafika. Jaribu kipaza sauti. Umeme ukikatika uwe umeshahifadhi. Kama studio ni chumba chako cha kulala, ning'iniza blanketi zito nyuma ya muimbaji na uzime feni. Jotoni mtapumzika kila baada ya dakika 20. Akiwa binti, mwambie aje na rafiki au ndugu, na mlango uwe wazi mkiwa hamrekodi. Sifa ya studio kwa wasanii wa kike inajengwa polepole na inabomoka kwa siku moja, na wengi wao wana hadithi za studio wasizorudi tena.

Halafu maliza wimbo. Weka tarehe mbele yake: "Miksi ya kwanza Jumatano." Jumatano iwe Jumatano.

Hatua ya sita: karatasi

Niliwahi kutengeneza wimbo uliopigwa kwenye magari mji mzima. Ulipopakiwa, jina langu halikuwa popote, na hatukuwa tumeandikiana chochote. Miezi ile nilikuwa nasikia kazi yangu barabarani na simu haiiti. Ndiyo maana nasema karatasi ni sehemu ya kujitangaza. Wimbo usio na jina lako hauwezi kukuletea mteja.

Karatasi yangu ni ukurasa mmoja, kwa Kiswahili, na tunaijaza kabla ya kurekodi, wakati bado tunacheka:

*Jina la wimbo na tarehe.*
*Biti imetengenezwa na nani. Mashairi na melodi ni ya nani.*
*Utunzi: prodyuza asilimia ngapi, msanii asilimia ngapi.*
*Rekodi ni mali ya nani. Mapato yake yanagawanywaje.*
*Malipo ya studio: jumla, yaliyolipwa, yaliyobaki.*
*Jina la prodyuza litakavyoandikwa wimbo ukipakiwa.*
*Biti hii itauzwa kwa mwingine: ndiyo au hapana.*
*Sahihi mbili, namba za simu, shahidi mmoja.*

Angalia kwamba utunzi na rekodi nimevitenganisha. Ni haki mbili tofauti. Utunzi ni melodi, mashairi na muziki wenyewe, ambao mtu mwingine anaweza kuuimba upya kesho. Rekodi ni sauti ile iliyonaswa siku ile. Msanii anaweza kukulipa rekodi yote ikawa yake, na bado wewe ukabaki na sehemu ya utunzi. Wengi wanasaini bila kujua kwamba wameviacha vyote viwili.

Tanzania haki hizi zinalindwa na Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki, namba 7 ya mwaka 1999, na COSOTA, ofisi ya hakimiliki, ndiko unakosajili kazi yako. Kenya usajili uko KECOBO, bodi ya hakimiliki ya huko. Haki yako haianzi siku ya kusajili, inaanza kazi inapokuwepo, ila cheti kinakusaidia siku ya ubishi. Picha ya karatasi yenu iliyosainiwa, iliyotumwa WhatsApp siku ile ile kwa pande zote, nayo ni kinga nzuri.

Msanii anapopakia wimbo kupitia msambazaji, yaani kampuni inayoupeleka kwenye majukwaa ya kusikilizia, kuna sehemu ya kuandika mtayarishaji na watunzi. Kaa naye aijaze, au mtumie maneno kamili ayanakili. Kila rekodi pia hupewa namba yake ya utambulisho, ISRC, yenye herufi na tarakimu 12. Iandike kwenye daftari lako.

Tahadhari moja juu ya biti uliyoikodisha kwa watu wawili, yaani umewaruhusu wote waiimbe huku ikibaki yako: wa kwanza akiisajili sauti yake kwenye mfumo wa YouTube wa kutambua kazi, wimbo wa wa pili unaweza kudaiwa kuwa wa wizi, naye atakulaumu wewe. Yale yale hutokea kwa vipande vya muziki vya bure vilivyochukuliwa mtandaoni. Waambie wateja mapema, na uiandike.

Hatua ya saba: DJ, MC na redio

DJ wa harusi anapiga kila Jumamosi mbele ya mamia ya watu. Mheshimu kama unavyomheshimu mtangazaji. Mpe anachohitaji: MP3 ya ubora wa juu, toleo lenye mwanzo wa ngoma tupu ili aweze kuunganisha, toleo safi lisilo na matusi kwa ajili ya ukumbi wenye wazee, na ala tupu kwa MC atakayetaka kumsifu bibi harusi juu yake. Hilo la mwisho halifanywi na wengi, na MC akishapenda ala yako ataipiga kila shughuli.

Nairobi, njia hiyo hupita kwenye matatu. Huku kwetu hupita kwenye baa, saluni, vijiwe vya bodaboda na vigodoro. Siku wimbo unapotoka, zunguka na flashi na simu. Bodaboda wa kijiweni kwenu wakiweka wimbo kwenye spika zao, umeshapata redio ya mtaa.

Redio zenyewe, anza na za mkoani. Mtangazaji wa kipindi cha chipukizi Morogoro au Tanga ana nafasi ya kukusikiliza kuliko wa kituo kikubwa cha Dar. Mtumie wimbo, mistari mitatu kuhusu msanii, na matamshi ya majina. Mpigie akiwa hayupo hewani.

Mitandaoni

Usipakie biti tupu ukangoja. Piga video fupi ya mikono yako ikitengeneza kitu: unarekodi mchi ukigonga kinu, unaukata mlio, unaupanga, na sekunde ya 20 umekuwa ngoma. Watu wanaangalia hadi mwisho kwa sababu wanataka kusikia umekuwa nini. Mara mbili kwa wiki inatosha kabisa. Mtaje msanii, mtaje mpiga gitaa. Stetasi ya WhatsApp usiidharau, maana wateja wangu wengi wametoka humo. Wanaoiona tayari wana namba yangu.

Duka la biti kwenye tovuti kama BeatStars ni jambo jema, lakini kwanza hakikisha una njia ya kupokea pesa kutoka nje hapo ulipo. Na kwa anayeanza, muda wa kupanga duka ungemletea zaidi kama angeutumia kumaliza wimbo wa binti wa Temeke.

Ukishakuwa na nyimbo tano

Sasa toka nje ya mtaa. Bagamoyo iko TaSUBa, chuo cha sanaa, na tamasha lake la kila mwaka linajaa wapiga ngoma, marimba na zeze. Zanzibar kuna Dhow Countries Music Academy, Mji Mkongwe, ambako vijana wanafundishwa udi, kanuni (ala ya nyuzi nyingi ya taarabu) na fidla. Februari kuna Sauti za Busara, tamasha lililoanza mwaka 2004, na pale Ngome Kongwe utakutana na mameneja, waandaaji na wanamuziki wa Afrika nzima. Nenda na nyimbo tano zilizotoka, kwenye ukurasa mmoja wa simu, na kipaza sauti kidogo cha kubebeka. Ukimrekodi mpiga kanuni kwa nusu saa, umlipe, umwandikie karatasi, utarudi Dar na sauti ambayo jirani yako hana.

Daftari

Mali bila daftari hupotea bila habari, na watu ni hivyo hivyo. Langu lina safu nne: jina, tulikutana wapi, nilimwahidi nini, mara ya mwisho tumezungumza lini. Kila Jumatatu asubuhi nalifungua na kuwatafuta watatu ambao sijawasikia muda mrefu. Siwaombi kitu. Namuuliza DJ mama yake ameendeleaje, namwambia mpiga gitaa nimesikia kazi yake mpya, namtumia msanii ala tupu ya wimbo wake wa zamani aifanyie mazoezi.

Kijana wa biti 214 naye alifungua lake. Ukurasa wa kwanza aliandika majina kumi kama tulivyopanga. Wiki iliyopita alinionyesha ukurasa wa nne, na kwenye safu ya "tulikutana wapi", mistari sita ilikuwa na maneno yale yale: *kaletwa na dada wa Temeke*.